Kelele za kompyuta ofisini si jambo la kuzoewa

Mtumishi wa umma aliyekaa miaka mingi katika ofisi yenye kompyuta ya mezani huzoea mvumo wake kama mwenye mashine ya kusaga anavyozoea ngurumo ya mashine yake. Asubuhi kompyuta huwashwa ikavuma. Kufika saa nne mvumo hupanda. Na ikifika saa nane mchana, mwalimu anayeingiza alama za wanafunzi hulazimika kupaza sauti ili mwenzake wa meza ya pili amsikie. Hakuna anayeuliza sababu. Inadhaniwa kwamba ndivyo kompyuta zilivyoumbwa, na kwamba mashine tulivu ni anasa ya ofisi za wakubwa walioko Dodoma na Dar es Salaam. Dhana hiyo ni potofu, tena inaligharimu Taifa fedha. Kelele ya kompyuta ni taarifa. Ni mashine inayoeleza, kwa sauti pekee iliyo nayo, kwamba haipati hewa.

Yafaa jambo hili litazamwe kutoka nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika Wilaya za Kibondo na Kasulu, kwani huko sababu zake zinaonekana kwa macho. Nduta, iliyoko Kibondo, ilijulikana ulimwenguni kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa upya mwezi Oktoba 2015 ili kupunguza msongamano wa Nyarugusu, huko Kasulu. Waliofanya kazi Nduta katika miaka ile wanaifahamu vyema ardhi yake. Wakati wa mvua udongo mwekundu hushikamana na viatu hata mtu akaongezeka kimo. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, udongo huo huo hugeuka unga mwepesi unaopanda nyuma ya kila lori na kutua juu ya kila meza. Uandikishaji wa watu kambini ulitegemea kompyuta, nazo kompyuta zilifanya kazi katikati ya unga huo. Mradi wa barabara ya lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, wenye urefu wa takriban kilometa 260, unapita makutano ya Nduta, na lami hupunguza vumbi la barabara kuu. Lakini uwanja wa shule, njia ya kwenda zahanati na ua wa ofisi ya kata havina lami, wala havitarajiwi kuwa nayo karibuni.

Kwa miaka mingi wilaya hizi ziliendeshwa kwa umeme wa majenereta ya dizeli. Gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2022, kompyuta ziliweza kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Na kazi zilizowekwa juu yake zimeongezeka. Malipo ya Serikali hupita katika mfumo wa MUSE. Ununuzi wa umma umehamia katika mfumo wa NeST tangu mwaka 2023. Taarifa za wanafunzi na za watumishi nazo hupelekwa kwa njia ya mitandao. Mashine ikizimika ghafla saa nane mchana kwa sababu ya joto, kinachosimama ni malipo ya mkandarasi wa choo cha shule na ya muuza chaki. Fundi anayeaminika huenda yuko Kigoma mjini, na gari la kumpelekea mashine lina safari nyingine.

Taifa hili lina historia na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini baada ya kuona gharama ni kubwa na tija haionekani. Marufuku hiyo ilikwisha zamani na hakuna anayetaka irudi. Hata hivyo swali lililoizaa bado lina uzito katika kila halmashauri: chombo kilichonunuliwa kwa fedha za umma kinatunzwa na nani, na kwa ujuzi gani?

Ujuzi unaohitajika hapa si wa chuo kikuu. Ndani ya kasha la kompyuta umeme wote unaotumika hugeuka joto. Kompyuta ya kawaida ya ofisi ikifanya kazi nzito huweza kutumia wati 100, na joto hilo lisipotolewa nje hukusanyika juu ya prosesa, ambayo ndiyo bongo la mashine. Prosesa ya kisasa hujilinda. Inapokaribia nyuzi 100 za sentigredi hupunguza mwendo wake yenyewe, na joto likizidi mashine hujizima. Mtumishi huona kompyuta imekuwa nzito, akasema imezeeka au imeingiwa na virusi. Barua ikaandikwa, mashine ikaingizwa katika orodha ya vifaa chakavu, nyingine ikaombwa. Kumbe iliyochoka ni feni, au hata feni haikuchoka, ila imevaa blanketi la vumbi.

Kuhusu uchaguzi wa feni, kanuni ya kwanza inawashangaza wengi: feni kubwa ndiyo tulivu. Hewa inayosukumwa na feni hutegemea upana wa panga zake kuliko kasi ya mzunguko. Feni ya upana wa milimita 120 huweza kusukuma hewa ile ile ya feni ya milimita 80 ikiwa inazunguka kwa theluthi moja hivi ya mwendo wa ndogo. Pale ndogo inapohitaji mizunguko 2,400 kwa dakika, kubwa hutosheka na mizunguko 700 na ushei. Na kelele hushuka upesi kuliko mwendo. Mwendo wa feni ukipunguzwa nusu, hewa hupungua nusu, lakini sauti hupungua kwa takriban desibeli 15, tofauti ambayo sikio la mtu yeyote huitambua mara moja. Kwa hiyo kasha lenye nafasi za feni mbili au tatu za milimita 120 au 140, zinazokwenda polepole, ni bora kuliko kasha la bei hiyo hiyo lenye feni moja ndogo inayopiga mbinja kutwa.

Jambo la pili ni beringi. Feni za bei ya chini huwa na bushi, ambayo ni tulivu siku za kwanza lakini hukauka mafuta, hasa feni ikilazwa ikitazama juu au chini, kisha huanza kukwaruza. Za gololi hudumu, ila sauti yake huongezeka kadiri miaka inavyopita. Zenye mafuta yaliyofungiwa ndani ya beringi ndizo zinazofaa zaidi kwa mahali panapotakiwa utulivu, na nyongeza ya bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya kompyuta nzima. Tena itazamwe idadi ya nyaya. Feni ya nyaya mbili hukimbia kwa nguvu zote tangu inapowashwa mpaka inapozimwa, kama dereva asiyejua gia. Ya nyaya nne hupokea amri kutoka bodi mama: mashine ikiwa baridi huenda taratibu, ikipata joto huongeza mwendo. Kwenye ukurasa wa mipangilio unaoonekana mashine inapowashwa, mwalimu wa TEHAMA anaweza kuweka kiwango hicho kwa dakika chache.

Hapa pana tahadhari. Kompyuta nyingi zilizopo maofisini ni za viwanda vikubwa, nazo mara nyingi zina soketi za namna ya pekee na kasha dogo lenye nafasi ya feni moja. Feni ya dukani isilazimishwe humo. Huenda mashine ikagoma kuwaka au ikatoa onyo kila asubuhi. Kwa mashine za namna hiyo utulivu hupatikana kwa usafi na kwa mahali zinapowekwa.

Mpangilio wa feni ndani ya kasha ndiyo sehemu inayokosewa zaidi, hata na mafundi. Hewa baridi yapasa iingie mbele, upande wa chini, ipite juu ya vifaa, itoke nyuma upande wa juu karibu na prosesa. Joto lenyewe hupenda kupanda, ingawa ndani ya kasha lenye feni msaada huo ni mdogo. Kinachofanya kazi ni njia iliyonyooka isiyozibwa na mafungu ya nyaya. Feni husukuma hewa kuelekea upande wenye mikono inayoshika mota, na nyingi zina mshale mdogo pembeni. Fundi asiyeangalia mshale huweza kufunga feni mbili zinazotazamana, kila moja ikisukuma hewa ndani, au zote zikitoa nje, na kelele ikawa maradufu bila baridi kuongezeka. Feni ikifungwa juu ya kasha upande wa mbele huiba hewa safi kabla haijafika kwa prosesa. Anayetaka kuhakikisha anaweza kuwasha kijiti cha udi, akakisogeza mbele ya kila tundu na kutazama moshi unakokwenda. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho.

Sasa kwa nchi ya vumbi jekundu, idadi ya feni za kuingiza hewa na za kutoa ni suala la uhai. Ikiwa feni za kutoa zina nguvu kuliko za kuingiza, kasha hunyonya hewa ya kufidia kupitia kila ufa: tundu za nyuma, mlango wa diski, maungio ya bati. Hewa hiyo haipiti katika kichujio chochote, nayo huja na udongo wa Nduta wote. Ikiwa feni za kuingiza zina nguvu kidogo kuliko za kutoa, hewa ya ndani hubanwa ikatoka kupitia nyufa hizo, na vumbi likabaki na mlango mmoja tu, nao una kichujio. Kwa hiyo feni mbili mbele zenye kichujio na moja nyuma ni mpangilio unaofaa shule au ofisi ya Kibondo, mradi ifahamike kwamba kichujio kikiziba mizani hugeuka na kasha hurudi kunyonya kupitia nyufa. Kichujio kisichooshwa ni afadhali kisingekuwapo. Mahali ambapo kasha halina kichujio, kipande cha kitambaa chepesi cha nailoni kilichowambwa juu ya tundu za mbele hufaa. Chandarua kisikatwe kwa kazi hiyo: matundu yake ni makubwa kwa vumbi, na kina kazi nyingine ya kuokoa maisha.

Wapo watakaosema kwamba nyanda za juu zina hewa nyepesi na kwa hiyo feni lazima zikimbie. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Nyanda za Kibondo na Kasulu zinapita meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kadhaa hukaribia meta 1,500. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani, na hubeba joto kidogo kwa kiasi hicho hicho. Kwa mfano, hewa ya meta za ujazo 36 kwa saa ikiondoa joto la wati 100, hutoka kwenye kasha ikiwa imepanda kwa nyuzi 8 hivi pwani, na takriban nyuzi 10 huko juu. Hasara basi ni nyuzi mbili. Lakini kompyuta ya Kibondo inavuta hewa ambayo kwa kawaida ni baridi kuliko ya Dar es Salaam kwa nyuzi kadhaa zaidi ya hizo mbili. Hesabu ikifungwa, ofisi ya Kibondo ina faida. Ofisi ya pwani hununua kiyoyozi ili ipate hali ambayo Kibondo imepewa bure. Kinachoipotezea faida hiyo ni vumbi tu.

Walimu wana sababu yao ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999, lilishauri kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha. Kompyuta moja yenye sauti ya desibeli 30 haimsumbui mtu. Zikiwekwa 20 za namna hiyo katika chumba kimoja, kelele yao pamoja hufika desibeli 43, na hapo bado watoto hawajanong'ona. Mwalimu hupaza sauti kipindi kizima. Mwanafunzi wa mstari wa nyuma husikia nusu ya neno, akaandika nusu ya neno. Tangu mwaka 2005 vyuo vya ualimu vya Serikali vilianza kupelekewa kompyuta kwa msaada wa Sweden, na baada ya hapo vyumba vya kompyuta vimezidi kuenea mashuleni. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa walimu havina feni, na kwa hilo ni vitulivu kabisa. Lakini somo la kompyuta, uchapaji wa mitihani na kazi za uhasibu bado vinahitaji mashine ya mezani.

Mahali pa kuiweka mashine pana uzito sawa na feni zenyewe. Ikifungiwa ndani ya kabati la meza huvuta tena hewa ileile iliyoitoa, ikazidi kupata joto kila dakika. Ikibanwa ukutani haitoi pumzi. Iachiwe angalau sentimeta 15 nyuma. Ikiwekwa sakafuni hufagiliwa vumbi kila asubuhi na mhudumu anayetimiza wajibu wake. Juu ya kabati la chuma hutetemesha bati lote likavuma kama ngoma, na hapo vipande vinne vya ndala chakavu vikiwekwa chini ya kasha hunyamazisha kile ambacho feni mpya isingekinyamazisha. Ile desturi ya kufungua ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani ndani inaweza kushusha joto kwa wiki chache, lakini inavunja njia ya hewa na kukaribisha vumbi, buibui na mijusi. Ni tiba inayoongeza ugonjwa.

Itasemwa pia kwamba mashine za Serikali hazifunguliwi kiholela, kwa kuwa zina dhamana ya muuzaji na muhuri. Ni kweli, na utaratibu uheshimiwe. Lakini vichujio vingi vya mbele hutolewa bila kugusa muhuri, na dhamana haidumu milele. Baada ya hapo, usafishaji ufanywe na mtu aliyeelekezwa: umeme uchomolewe, kasha lipelekwe nje kwenye kivuli, vumbi lipulizwe kwa blowa huku panga za feni zimeshikwa kwa kidole, kwani feni ikizungushwa na upepo mkali beringi yake huharibika. Pawa saplai isifunguliwe na mtu asiye fundi, maana huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Katika shule, kuosha vichujio kunaweza kuwa sehemu ya somo. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi na masomo visitengane, na mwanafunzi aliyeosha kichujio akaona mashine imetulia amejifunza kuhusu hewa na joto jambo ambalo ubao haukumwonyesha.

Wajibu mkubwa, hata hivyo, uko kwa wanaoandika maelezo ya ununuzi. Maelezo ya kompyuta yanayopelekwa kwa wazabuni kwa kawaida hutaja kasi ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na wa diski, kisha basi. Muuzaji asiyeulizwa kuhusu feni huleta ya bei ya chini kuliko zote, wala hajavunja mkataba. Mistari mitatu ikiongezwa ingetosha: feni zisizopungua milimita 120 zenye nyaya nne, kichujio cha mbele kinachotolewa kwa mkono, na kiwango cha juu cha sauti mashine ikiwa inafanya kazi. Maofisa ugavi na maofisa TEHAMA wa halmashauri wanaweza kuiandika katika zabuni ijayo bila kusubiri waraka kutoka juu.

Kalenda nayo iko wazi kwa anayeijua hali ya hewa ya Kibondo na Kasulu. Kasha lisafishwe lote mwishoni mwa Mei, kabla vumbi halijaanza. Vichujio vioshwe kila baada ya wiki mbili kuanzia Juni hadi Septemba, vianikwe kivulini, virudishwe vikiwa vikavu kabisa. Mvua za Oktoba zikianza, mara moja kwa mwezi inatosha. Brashi na ufunguo wa chumba vikae kwa mtu mmoja anayejulikana kwa cheo chake, na tarehe ya kila usafishaji iandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, ili mkaguzi akija aisome bila kuuliza.